Jembe la Unyamwezi, Upanga wa Japani na Reli ya Mjerumani

Usoke ni stesheni ya magharibi mwa Tabora, kwenye Reli ya Kati iendayo Kigoma. Kabla ya reli, nchi hii ilikuwa ya misafara ya wapagazi kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Pembe za ndovu ziliteremka pwani. Nguo, shanga na baruti zilipanda bara. Katikati ya biashara hiyo kubwa ilikuwapo nyingine isiyosimuliwa sana, nayo ni biashara ya majembe ya chuma. Mengi yalifuliwa kaskazini na kaskazini-magharibi, yakauzwa Unyamwezi, na wapagazi wakayabeba hata Ugogo, ambako chuma kilikuwa adimu. Richard Burton, aliyeingia Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba 1857, aliyataja miongoni mwa bidhaa za njia hiyo. Jembe lilikuwa zana ya shamba, lilikuwa mahari, na mara nyingine lilikuwa hongo kwa mtemi ambaye msafara ulipita nchini kwake.

Kisha ikaja reli. Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mtu aliyezaliwa hapa mwaka 1860 na kujaliwa umri angeweza kuviona vyuma hivi viwili kwa macho yake: kile kilichotoka katika tanuru la udongo wa kichuguu, na kile kilichoteremshwa bandarini kikiwa tayari kimepimwa urefu na uzito.

Tumezoea kuisimulia habari hii kama mashindano. Ama tunasema chuma cha wahenga kilikuwa duni, kikashindwa na kilicho bora; ama, kwa uchungu wa kudharauliwa, tunajibu kwamba wahenga walitengeneza feleji, yaani chuma kilichokazwa kwa kaboni, kabla ya Ulaya, basi wao ndio washindi. Masimulizi yote mawili yanachukulia kwamba chuma kina ubora wa aina moja. Hakina. Swali lenye faida zaidi ni hili: kila jamii ilihofia chuma chake kiharibike kwa namna gani, na ilifanya nini ndani ya chuma hicho kuizuia hofu hiyo?

Tuanze na undani wenyewe. Chuma safi ni laini. Atomi zake zimepangika kwa safu katika fuwele, na kikielemewa, safu moja huteleza juu ya nyingine; ndiyo maana msumari laini hupinda badala ya kukatika. Kaboni ikiingia, hata chini ya asilimia moja, utelezi huo hupata vizuizi. Chuma chenye kaboni kikiachwa kipoe polepole, hujigawa ndani yake: sehemu laini iitwayo feriti, na sehemu ngumu iitwayo sementiti. Mara nyingi viwili hivi hupangana kwa tabaka nyembamba zinazopokezana, kama chapati ya kukunja, na mpangilio huo ndio pealiti. Lakini chuma hichohicho kikitumbukizwa majini kikiwa chekundu, kaboni haipati muda wa kujitenga. Hukwama ndani ya fuwele na kuzikaza mno, na hapo huzaliwa martensiti, ngumu kuliko pealiti na nyepesi zaidi kukatika. Jina hilo linamkumbuka Adolf Martens wa Ujerumani. Kabla yake, katika miaka ya 1860, Henry Clifton Sorby wa Sheffield alikuwa ameshasugua kipande cha feleji hadi kikang'aa, akakipaka asidi na kukitazama kwa darubini, akaona ndani ya chuma mandhari ambayo hakuna aliyeidhania.

Kwa hiyo tunapotumia neno “imara” tunachanganya mambo matatu. Ugumu ni kukataa kukwaruzwa na kulika. Nguvu ni kubeba mzigo bila kupinda. Ukakamavu ni kupokea pigo na kulimeza bila kukatika. Sifa hizi hazitembei pamoja. Kwa kawaida ukiongeza ya kwanza unapunguza ya tatu. Wahunzi wa dunia nzima wameishi ndani ya mvutano huo, na darubini ya Sorby iliwakuta walishaujua zamani kwa nyundo na kwa moto.

Chuma huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,538. Matanuru ya kienyeji ya Afrika Mashariki hayakulenga kufika huko. Mawe ya chuma yaliwekwa pamoja na makaa. Gesi ya makaa yaliyokuwa yakiungua iliondoa oksijeni katika mawe hayo, uchafu ukayeyuka na kutiririka, ukabaki mtapo: bonge la chuma lenye vitundu na mavi ya chuma ndani yake, ambalo mhunzi alilipasha moto na kulifua tena na tena mpaka likashikamana. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya Wahaya, ya Wafipa, na ya Warongo wa kusini mwa Ziwa Victoria, mafundi waliotoka katika makabila mbalimbali na kuunganishwa na kazi.

Hata hivyo, mbinu zao zilitofautiana kuliko tunavyodhani. Mrongo na Mhaya walivuvia kwa mivukuto. Mfipa aliacha mivukuto kando katika hatua ya kwanza akajenga kwenda juu: ilungu lake lilikuwa na kimo cha mita tatu hivi, limefinyangwa kwa udongo wa kichuguu, na chini kabisa lilizungukwa na matundu yenye mirija ya udongo. Moto wenyewe, kwa kupanda ndani ya kuta ndefu, ulivuta hewa. Kilichopatikana kilikuwa bado na uchafu mwingi, basi kikahamishiwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi. Profesa Bertram Mapunda, aliyepata kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameutafiti ufundi huu kwa miaka mingi, na mabaki ya malungu yangali yamesimama Ufipa.

Ng'ambo ya Bahari ya Hindi, huko Samanalawewa nchini Sri Lanka, kati ya karne ya 7 na ya 11 mafundi nao walifanya kazi bila mivukuto, lakini kwa hoja tofauti. Walijenga matanuru yao kwenye miinuko inayotazama magharibi, wakangoja upepo wa monsuni uyapulize. Gill Juleff alilijaribu jambo hilo kwa kujenga tanuru la namna hiyo na kuliwasha. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1996, yalionyesha kwamba feleji yenye kaboni nyingi inaweza kupatikana hivyo. Mfipa alitengeneza upepo wake kwa kimo cha ukuta, ilhali Msinhala aliukodi kutoka kwa msimu. Wa kwanza aliweza kuwasha tanuru pale kazi za shamba zilipomruhusu. Wa pili alipata nguvu ya hewa, ila kwa tarehe za upepo, si zake. Sioni sababu ya kumtangaza mshindi kati yao.

Kusini mwa India njia ilikuwa nyingine kabisa. Chuma kilifungiwa ndani ya chungu kidogo pamoja na vipande vya mimea, kikachomwa mpaka kikameza kaboni ya kutosha kuyeyuka, kisha kikaachwa kipoe taratibu. Feleji hiyo, iliyokuwa na kaboni kama asilimia 1.5, ndiyo iliyofanya panga za Dameski zisifiwe kwa michirizi yake. Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, aliandika kwamba chuma cha Sofala kilipelekwa India na kuthaminiwa huko. Pwani yetu, basi, ilikuwa sehemu ya soko hilo la feleji karne nyingi kabla ya jembe la kiwandani kuteremshwa Zanzibar. Wahunzi wa Ulaya walipojaribu feleji ya Kihindi waliipasha moto hadi ikawa nyeupe, kama walivyozoea chuma chao, nayo ikasagika chini ya nyundo. Mhindi aliifua ikiwa nyekundu tu. Kosa halikuwa katika metali. Lilikuwa katika kudhani kwamba chuma chote ni kimoja.

Wachina walikwenda mbali zaidi. Kabla ya Kristo kwa karne kadhaa walikuwa wakiyeyusha chuma kabisa na kukisubu katika kalibu, yakiwamo majembe. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi na hukatika upesi, kwa hiyo majembe hayo yalirudishwa motoni kwa muda mrefu ili yalainike. Kwa maneno mengine, fundi wa China alianza na chuma kigumu kupita kiasi akakirudisha nyuma, wakati fundi wa Unyamwezi alianza na kilaini na kukikaza kidogo. Majembe yao yalikutana karibu mahali pamoja, yakitokea pande mbili zisizofanana.

Linganisho linalonivutia kuliko yote ni la Japani, tena kwa sababu ya kalenda. Mwaka 1976, huko Buhaya, wazee waliokuwa wameacha kuyeyusha chuma kwa zaidi ya nusu karne walikubali kuliwasha tanuru tena mbele ya Peter Schmidt, mwanaakiolojia, na Donald Avery, mtaalamu wa metali. Mwaka uliofuata, 1977, mkoani Shimane, Wajapani nao waliwasha upya tatara, tanuru la kale la mchanga wa chuma, lililokuwa limezimwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Sijui uzi wowote unaounganisha matukio hayo mawili, zaidi ya hili: pande zote mbili wazee wenye ujuzi walikuwa wanakwisha.

Tofauti iliyofuata ni ya kutafakari. Tatara ya Shimane ilipata chama cha kitaifa cha kuhifadhi sanaa ya panga, ikapata wanunuzi, na hadi leo huwashwa majira ya baridi. Kila mwako huchukua siku tatu mchana na usiku, na mwishoni tanuru hubomolewa ili kutoa bonge la tani mbili na zaidi, ambalo sehemu zake bora huchaguliwa na kugawiwa wafua panga. Tanuru la Wahaya lilipata makala katika jarida la Science mwaka 1978, na mjadala. Schmidt na Avery walisema mirija ya udongo iliyoingia ndani sana ya tanuru iliipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa, na kwamba matete yaliyounguzwa shimoni yalikipa chuma kaboni, hata feleji ikapatikana. Wataalamu wengine walilipinga hilo la hewa iliyopashwa moto, na ubishi haujaisha. Nauona ubishi huo kuwa ni heshima: hakuna anayebishana kwa miaka arobaini juu ya kitu asichokithamini. Lakini ubishi haulipi makaa wala haumfundishi kijana wa Bukoba.

Miko nayo inafanana. Mafundi wa Ufipa walijitenga na wake zao wakati wa kuyeyusha, na tanuru lilihesabiwa kuwa bibi arusi anayetarajiwa kuzaa. Mafundi wa tatara walimcha Kanayago, mungu wa kike wa metali, ambaye inasemekana hapendi wanawake wenzake, basi wanawake hawakuingia kwenye tanuru. Mmoja alilifanya tanuru kuwa mwanamke. Mwingine aliliweka chini ya mwanamke mwenye wivu. Kazi ambayo matokeo yake hayatabiriki huomba ulinzi, na mtapo hautabiriki.

Kutotabirika huko ndiko kulikozaa ufundi wa upanga. Feleji ya tatara haina kaboni sawa kila mahali, kwa hiyo Mjapani huikunja na kuifua mara nyingi mpaka tofauti zisambae. Kisha hupaka udongo ubavuni mwa upanga, mwingi mgongoni na kidogo kwenye makali, na kuutumbukiza majini. Makali yanapoa ghafla na kuwa martensiti. Mgongo, uliofunikwa, unapoa taratibu na kubaki na pealiti na feriti. Ukiugeuza upanga huo kwenye mwanga utauona mpaka kati ya nchi hizo mbili, mstari mweupe wenye mawimbi ukifuata makali tangu kwenye ncha hadi karibu na mpini. Upande mmoja wa mstari ni ugumu, upande wa pili ni ukakamavu. Hofu ya mfua panga ni moja: kukatika kwa pigo moja.

Jembe la Unyamwezi halina mstari wa namna hiyo, wala halikuuhitaji. Litazame la zamani kwa karibu. Bamba ni pana, limenyanyuka katikati kuwa uti wa kuzuia lisikunjike. Juu linachongoka kuwa mkia, na mkia huo hupita katika kifundo cha mpini wa mti. Kila ulipogonga udongo, mkia ulizidi kujikaza ndani ya kifundo. Usoni pana alama za nyundo zinazopishana. Chuma chake hakifanani mahali pote: hapa feriti laini, pale mkanda wenye kaboni zaidi, na kati yake nyuzi za mavi ya chuma zilizovutwa na kufua. Mkaguzi wa kiwandani angelitupa.

Sasa lipeleke shambani. Udongo mwingi wa Unyamwezi ni wa kichanga, uliotokana na matale, na punje zake za kwatzi ni ngumu kuliko feleji ya kawaida hata ikiwa imefikishwa kwenye martensiti. Hapa ugumu hausaidii sana, kwa kuwa mchanga utashinda tu. Kilichobaki ni kuchagua jembe lilike au livunjike kwenye kisiki cha miombo. Mhunzi alichagua lilike. Chuma laini chenye nyuzi za mavi ya chuma kina fadhila nyingine: kwenye moto wa makaa vipande viwili huungana kwa nyundo kwa urahisi, kwa sababu mavi hayo huyeyuka na kusafisha mahali pa kuungia. Jembe lililolika lilirudi kwa mhunzi likaongezwa makali, na likizeeka likageuzwa kisu. Sifa kubwa ya metali hiyo ilikuwa kukubali kutengenezwa tena kijijini, na sifa hiyo haimo katika jedwali lolote la maabara.

Wala tusiipambe. Chuma kisicho sawa kilimaanisha jembe moja lidumu na jirani yake lipinde msimu wa kwanza, na mkulima hakuwa na njia ya kujua kabla ya kununua. Usawa ndio zawadi ya kweli ya kiwanda. Henry Bessemer alitangaza njia yake ya kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka mwaka 1856, mwaka mmoja kabla ya Burton kufika Tabora. Na feleji iliyomiminwa ikiwa majimaji haina nyuzi za mavi ya chuma wala mikanda ya kubahatisha.

Reli inaudai usawa huo kwa ukali. Gurudumu la treni hugusa reli kwenye eneo la kama sentimita moja ya mraba, na tani kadhaa hupita hapo, tena na tena, kwa miaka. Reli nyingi ni za pealiti: ngumu kiasi cha kutolika haraka, kakamavu kiasi cha kutokatika. Hofu ya mhandisi wa reli si pigo moja. Ni mapigo milioni madogo, ambayo hakuna hata moja linaloweza kuivunja reli peke yake, lakini yanayokuza ufa kidogo kidogo hadi siku moja chuma kikakatika chini ya mzigo wa kawaida. Ulaya ilijifunza jambo hilo kwa msiba: Mei 1842 ekseli ilikatika karibu na Versailles, Ufaransa, na abiria wengi wakafa. Miaka iliyofuata August Wöhler, mhandisi wa reli wa Ujerumani, alizipima ekseli kwa mizunguko isiyohesabika na kuanzisha elimu ya uchovu wa metali. Mhunzi wa Unyamwezi hakuwa na elimu hiyo kwa sababu jembe hulika kabla halijachoka.

Hata Mjerumani alilazimika kuisikiliza nchi. Reli ya Kati iliwekewa mataruma ya chuma, maana mchwa wa miombo hali chuma. Udongo wa mchwa huyohuyo ndio uliojenga malungu ya Ufipa: mmoja alimkwepa mdudu, mwingine alimwajiri.

Na kwenye reli hiyo ndiko zilikopita sehemu za meli ambayo leo ni Liemba. Ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa katika masanduku, ikaunganishwa upya Kigoma. Ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiinua mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Mabamba yake yalifungwa kwa ribiti, na ufundi huo uliodhaniwa wa kizamani una hekima yake: ufa ukianza kwenye bamba moja, huishia ukingoni mwa bamba hilo. Januari 1943 meli mpya ya mafuta, Schenectady, iliyochomelewa kwa umeme, ilikatika vipande viwili ikiwa imetulia gatini Portland, Marekani. Chuma chake kilikuwa kimepoteza ukakamavu kwa baridi, na mwili uliochomelewa ukawa kitu kimoja kisicho na mpaka wa kuzuia ufa.

Mfano wa mwisho ulifika hadi jirani na Usoke. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga Tanganyika: Kongwa, Nachingwea na Urambo, jirani yetu. Matrekta yaliletwa, mengine yakiwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa. Huko Kongwa mizizi ilipinda zana na kwatzi ikazila, na kiangazi udongo ukakauka hata usilimike. Mwaka 1951 mpango ukafutwa. Mvua na mipango mibaya vilichangia sana, ila somo la metali limo humo: zana zilikuwa za feleji nzuri, iliyochaguliwa kwa udongo mwingine.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba jembe la Unyamwezi lilikuwa hatua ya kuelekea reli, au kwamba upanga wa Japani ni kilele ambacho wengine hawakukifikia. Upanga unajibu pigo moja, reli inajibu mapigo milioni, jembe linajibu mchanga usiokwisha. Ukibadilishana majibu hayo, yote yatafeli.

Tatizo letu ni kwamba jibu la jembe linapotea pasipo kuandikwa vya kutosha. Panga za Japani zina orodha, vyeti na walinzi. Majembe ya njia ya misafara yapo katika pembe za nyumba na chini ya vihenge, na wanunuzi wa vyuma chakavu hupita na mizani. Yakifika kwenye tanuru la nondo, mikanda ya kaboni na nyuzi za mavi ya chuma zilizomo hufutika moja kwa moja. Kama nyumbani kwenu Usoke, Urambo, Nzega au Kahama kuna jembe lenye mkia, msiliuze kwa kilo. Andikeni lilitoka kwa nani na lilifuliwa wapi, kisha mlipeleke kwenye makumbusho au chuo kikuu chenye darubini ya kulisoma.